Anachaguliwa kwa chama, anapimwa kwa mafuriko

Novemba 2018, Ed Emmett alipoteza kiti cha jaji wa Kaunti ya Harris, Texas, kwa takriban kura 19,000 kati ya zaidi ya milioni moja zilizopigwa. Alikuwa ameiongoza kaunti hiyo, ambayo ndani yake imo sehemu kubwa ya jiji la Houston, kwa zaidi ya miaka 11. Mwaka uliotangulia alikuwa sauti iliyotegemewa na wakazi wakati kimbunga Harvey kilipomwaga mvua ya zaidi ya mita moja katika baadhi ya maeneo. Aliyemwangusha, Lina Hidalgo, alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Miaka minne baadaye Hidalgo naye alitetea kiti hicho na akapenya kwa takriban kura 18,000.

Tofauti hizo mbili zinakaribiana mno, lakini kila moja ilipatikana chini ya utaratibu wake wa kupiga kura. Naamini hapo ndipo penye somo kubwa kwa kila anayejali serikali za mitaa, awe Houston, Mombasa au Mwanza. Kiongozi wa kaunti anastahili kupimwa kwa kazi ya kaunti. Karatasi ya kura inayomruhusu mwananchi kumpita bila hata kulitazama jina lake inamdhulumu kiongozi mwema, na pia inampa kinga kiongozi mzembe.

Jaji wa bajeti na barabara

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia jaji wa kaunti atamfikiria mtu wa joho anayesikiliza kesi. Katiba ya Texas ya 1876 ilimpa kweli kazi ya mahakama, na katika nyingi ya kaunti 254 za jimbo hilo, hasa zile ndogo za mashambani, bado anasikiliza mirathi na makosa madogo. Katika kaunti kubwa kazi hiyo ilihamishiwa kwa mahakama nyingine. Jaji wa Harris hahukumu kesi hizo. Katiba inamtaka awe mtu anayeifahamu vyema sheria ya jimbo, ila haimlazimishi kuwa mwanasheria.

Kazi yake hasa ni kuongoza Baraza la Makamishna, lenye watu watano: yeye anayechaguliwa na kaunti nzima, na makamishna wanne wanaochaguliwa kila mmoja katika eneo lake. Muhula ni miaka minne na hakuna ukomo wa mihula. Baraza hili ndilo linalopanga kiwango cha kodi ya ardhi na majengo na kupitisha bajeti. Linalipia gereza, barabara, hospitali za umma na mifereji ya kuzuia mafuriko, tena kwa watu zaidi ya milioni 4.7 kwa sensa ya 2020. Ni Los Angeles na Cook, yenye jiji la Chicago, pekee zinazoizidi Harris kwa idadi ya watu katika Marekani nzima.

Pamoja na ukubwa huo, jaji wa kaunti ana kura moja tu kati ya tano, na hana turufu ya kuzuia uamuzi wa wenzake. Sherifu na mwendesha mashtaka wanachaguliwa na wananchi moja kwa moja, hivyo baraza linawapa fedha bila kuwaamuru. Gavana wa kaunti ya Kenya ana bunge la kaunti linaloweza kutunga sheria. Kaunti ya Texas haina mamlaka hayo ya jumla, na hufanya lile tu ambalo sheria ya jimbo imeruhusu. Anayekikalia kiti hiki huongoza kwa kushawishi.

Mambo hubadilika siku ya maafa. Kwa sheria ya jimbo, jaji ndiye mkuu wa shughuli za dharura katika kaunti yake: anaweza kutangaza hali ya maafa na kuamuru watu wahame. Mtu ambaye kwa miaka mitatu amebishana na wenzake juu ya barabara na bajeti hujikuta ghafla mbele ya kamera, akiwaambia mamilioni ya watu wabaki au wakimbie. Kukosea kwa saa chache kunaweza kugharimu maisha.

Kiti kilichokuzwa na dhoruba

Historia ya kiti hiki inaonyesha jinsi maafa yanavyojenga majina. Mwaka 2005, Robert Eckels, akishirikiana na meya wa Houston, aliufungua uwanja wa Astrodome kwa maelfu ya watu waliokimbia kimbunga Katrina huko Louisiana. Wiki chache baadaye kimbunga Rita kilikuja upande wa Texas. Watu walikimbia kwa wingi kiasi kwamba barabara ziliziba, na makumi wakafia njiani kwa joto, uchovu na ajali.

Emmett, aliyeteuliwa na baraza mwaka 2007 baada ya Eckels kujiuzulu, alilielewa somo hilo. Kimbunga Ike kilipokaribia Septemba 2008, aliwaamuru wakazi wa maeneo ya kuvamiwa na bahari wahame, na waliokuwa mbali na pwani akawasihi wajifungie nyumbani. Barabara hazikuziba kama wakati wa Rita. Novemba hiyohiyo, Barack Obama alishinda Harris kwa tofauti ndogo, lakini Emmett, Mrepublican, akachaguliwa. Wapiga kura wengi walimchagua rais wa chama kimoja na jaji wa chama kingine, kwa sababu walikuwa wamemwona akifanya kazi. Alishinda tena 2010, na 2014 hakukuwa na Mdemocrat wa kushindana naye.

Baada ya Harvey, Emmett aliwapelekea wananchi ombi zito: waidhinishe hatifungani za dola bilioni 2.5 kwa ajili ya mifereji, mabwawa na kununua nyumba zilizojengwa kwenye mkondo wa maji. Kura hiyo ilipigwa Agosti 25, 2018, mwaka mmoja tangu Harvey itue. Takriban asilimia 85 wakakubali, ilhali kulipa hatifungani kunatoka kwenye kodi zao. Ni imani kubwa ambayo kiongozi wa mtaa hupewa kwa nadra. Wiki kama kumi tu baadaye, kaunti ileile ikamwondoa.

Alama moja ya chama

Ilikuwaje? Karatasi ya kura ya Harris ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyoweza kuwazia. Texas inachagua majaji wake kwa vyama, na mwaka 2018 majaji hao walijaza makumi ya nafasi, baada ya seneta, gavana na wabunge. Jaji wa kaunti alikuwa chini kabisa ya majina mashuhuri. Ili kurahisisha, Texas iliruhusu mpiga kura kuweka alama moja tu juu ya karatasi, na wagombea wote wa chama hicho wakahesabiwa kura. Mkenya anaujua mtindo huu kwa jina la suti, na Mtanzania aliyezoea kampeni za mafiga matatu hahitaji maelezo. Tofauti ni kwamba huko Texas suti ilikuwa imeandikwa ndani ya karatasi yenyewe.

Mwaka huo zaidi ya robo tatu ya wapiga kura wa Harris walitumia alama hiyo. Wademocrat waliwazidi Warepublican kwa zaidi ya kura 100,000 kutoka hapo pekee. Hata hivyo Emmett alishindwa kwa takriban 19,000. Maana yake, alizirudisha kura kama 80,000 kutoka kwa watu waliochagua nafasi moja baada ya nyingine, au waliotia alama ya chama kisha wakashuka chini kuweka alama kwake, jambo lililoruhusiwa na ambalo kampeni yake iliwaomba walifanye. Juu ya karatasi hiyohiyo, Mdemocrat Beto O'Rourke alikuwa akimshinda Seneta Ted Cruz ndani ya Harris kwa takriban kura 200,000. Emmett aliogelea dhidi ya mkondo huo na kukaribia kufika ng'ambo.

Mkondo huo ulileta pia mema yake. Wademocrat walizoa viti vya majaji wa mahakama za kaunti, na wanawake Weusi 17 wakaapishwa kuwa majaji, jambo ambalo Houston haikuwahi kuliona. Warepublican nao walikuwa wamenufaika na alama hiyohiyo kwa miaka mingi, hasa 2010 na 2014. Anayelalamika leo alishangilia jana. Ndiyo maana hoja yangu haiegemei chama: kasoro iko kwenye chombo, yeyote anayekishika.

Msichana wa Bogotá

Wapo waliomwita Hidalgo ajali ya uchaguzi. Hilo si haki. Alizaliwa Bogotá, Colombia, mwaka 1991. Wazazi wake waliondoka huko kwa sababu ya machafuko, wakapitia Peru na Mexico, wakafika eneo la Houston mwaka 2005. Alisoma siasa Stanford, na mwaka aliohitimu, 2013, akawa raia wa Marekani. Alifanya kazi Thailand, akatafsiri kwa wagonjwa wanaozungumza Kihispania katika hospitali za Houston, akaanza masomo ya sheria New York na ya utawala wa umma Harvard, kisha akayasimamisha ili agombee.

Umri wake ulipigiwa kelele, lakini kiti hiki hakikuwa kigeni kwa vijana. Roy Hofheinz, ambaye baadaye alikuwa meya wa Houston na nguvu kubwa nyuma ya ujenzi wa Astrodome, alichaguliwa jaji wa Harris mwaka 1936 akiwa na miaka 24. Jambo jipya kwa Hidalgo lilikuwa kwamba ni mwanamke wa kwanza, na wa kwanza mwenye asili ya Amerika ya Kusini, kuchaguliwa katika nafasi hiyo.

Machi 2019, miezi mitatu tu kazini, matangi ya kemikali yaliwaka moto Deer Park na wingu jeusi likatanda juu ya vitongoji vya mashariki kwa siku kadhaa. Hidalgo alitoa taarifa kwa Kiingereza na Kihispania. Kamishna mmoja wa kaunti jirani alimkejeli kwa hilo, kisha akaomba radhi. Kejeli ile ilisahau nani anaishi karibu na viwanda vile. Mtu anayeambiwa afunge madirisha kwa lugha asiyoielewa hajaambiwa kitu. Houston ina maelfu ya familia kutoka Kongo na Afrika Mashariki zinazozungumza Kiswahili nyumbani. Karatasi za kura za Harris huchapishwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietnamu na Kichina, na Kiswahili hakimo. Kwa familia hizo, nia ya kiongozi kuzungumza na watu wake kwa lugha zao ni suala la usalama.

Ushindi wa 2018 ulilipa baraza wingi wa Kidemocrat kwa 3 dhidi ya 2. Mwaka uliofuata kaunti ilimaliza kesi ya siku nyingi kuhusu dhamana kwa makosa madogo. Tangu 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho alikuwa ameamua kwamba kuwafunga maskini kabla ya hukumu kwa sababu tu hawana fedha ni kinyume cha Katiba. Baraza lililopita lilitumia mamilioni ya dola kuupinga uamuzi huo. Baraza la Hidalgo likakubali makubaliano chini ya usimamizi wa mahakama. Fedha za hatifungani za mafuriko nazo zilipangwa kwa kuzingatia mitaa ambayo wakazi wake wana uwezo mdogo wa kuinuka baada ya maji kuondoka. Naunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Ukipanga kwa thamani ya nyumba peke yake, mtaa wa tajiri utapata mfereji kwanza kila mara, na maskini atangoja hadi gharika ijayo.

Kura tatu, hata hivyo, hazitoshi kwa kila kitu. Sheria ya Texas inataka wajumbe wanne wawepo ili baraza lipige kura ya kutoza kodi. Oktoba 2019 makamishna wawili wa Republican hawakufika, akidi ikakosekana, na nyongeza ya kodi ikafa. Mbinu hiyo ilirudiwa 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, na kaunti ikalazimika kubaki na kiwango cha chini. Watetezi wake wanasema inawalinda walipa kodi. Mimi naona mjumbe aliyechaguliwa ana wajibu wa kuketi kitini, kujenga hoja na kupiga kura yake ya hapana hadharani.

Janga la korona lilionyesha mpaka mwingine. Aprili 2020 Hidalgo aliamuru watu wavae barakoa, kwa faini ya hadi dola 1,000. Siku chache baadaye Gavana Greg Abbott akatoa amri iliyofuta adhabu hiyo. Sheria inayomfanya jaji kuwa mkuu wa dharura inatoka Austin, makao makuu ya jimbo, na kule kule inaweza kumbana.

Bila suti

Mwaka 2017 bunge la Texas, likiongozwa na Warepublican, lilipitisha sheria ya kuiondoa alama ya chama kuanzia Septemba 2020. Walioipinga walikwenda mahakamani, wakihofia foleni ndefu katika miji mikubwa yenye wapiga kura wengi Weusi na Walatino. Jaji wa mahakama ya shirikisho akawakubalia, mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na sheria ikabaki.

Hidalgo alikuwa jaji wa kwanza wa Harris kutetea kiti bila alama hiyo. Mshindani wake, Alexandra del Moral Mealer, alikuwa mhitimu wa chuo cha kijeshi cha West Point, afisa aliyewahi kutegua mabomu Afghanistan, na msomi wa Harvard. Kampeni yake ilishika uhalifu na matumizi ya fedha, ukiwemo mkataba wa dola milioni 11 wa uhamasishaji wa chanjo uliofutwa baada ya kuzua malalamiko. O'Rourke, sasa akigombea ugavana, alimshinda Abbott ndani ya Harris kwa takriban kura 100,000. Hidalgo alipata ushindi wa 18,000 tu.

Makumi ya maelfu ya wapiga kura waliompa kura mgombea ugavana wa Democratic hawakumpa jaji wao. Ni ujumbe mkali, na uliandikwa kwa kalamu ya kila mmoja peke yake. Lakini tazama upande wa pili: wengi walioshuka hadi nafasi yake walimtazama, wakampima na wakamrudisha. Mwaka 2018 ushindi wake ulitegemea alama iliyo juu ya karatasi. Mwaka 2022 ilibidi autafute kwenye mstari wake mwenyewe, na hakuna wa kuuita ajali. Chama bado kilimbeba kwa kiasi. Watu wengi wataendelea kupiga kura kwa chama hata bila alama. Ila sasa wanalazimika kulisoma jina.

Siku ile ya uchaguzi haikupita bila dosari. Baadhi ya vituo viliishiwa karatasi, kesi zikafunguliwa, na Mealer aliyekuwa amefungua yake akaiondoa. Mwaka 2023 bunge la jimbo likaifuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi kwa kaunti zenye zaidi ya watu milioni 3.5, kigezo ambacho Harris peke yake ilikitimiza. Makosa ya usimamizi yalihitaji kurekebishwa. Sheria iliyotungwa kwa kaunti moja inayotawaliwa na chama pinzani ilikuwa tiba isiyo ya haki.

Muhula wa pili na kikomo cha ushawishi

Uchaguzi wa 2022 uliongeza Wademocrat barazani hadi 4 dhidi ya 1. Ungetarajia Hidalgo awe na nguvu zaidi. Agosti 2023 alitangaza kwamba anachukua likizo kutibiwa sonona, akarejea Oktoba. Viongozi wengi huficha maradhi ya aina hii hadi yanapowaangusha. Kuyataja hadharani, huku kamishna mwenzake akiliongoza baraza kwa utaratibu, kulikuwa huduma kwa umma.

Mivutano na wenzake, wakiwemo wa chama chake, ikaongezeka. Agosti 2025 alitaka wananchi waulizwe kama wanakubali nyongeza ya senti moja ya kodi kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kugharimia malezi ya watoto wadogo. Programu iliyokuwepo ilitegemea fedha za msaada wa korona kutoka Washington, na fedha hizo zilikuwa zinafika ukingoni. Alileta watoto barazani. Wenzake wakakataa, na baadaye baraza likapitisha azimio la kumkemea kwa mwenendo wake katika vikao. Mwezi uliofuata akatangaza kwamba hatagombea muhula wa tatu mwaka 2026.

Nadhani lengo lake lilikuwa sahihi. Mzazi asiye na pa kumwacha mtoto hawezi kufanya kazi, na wananchi walistahili kuulizwa. Lakini katika baraza la watu watano lazima kura tatu ziwe mkononi kabla ya kikao kufunguliwa. Emmett, aliyewahi kukaa katika bunge la jimbo na tume ya usafirishaji ya taifa, alijua kuzitafuta pole pole, hata alipokuwa na ajenda ndogo. Hidalgo alikuwa na upeo mpana kuliko mtangulizi wake, na subira ndogo ya kuketi na asiyekubaliana naye. Kaunti inahitaji vyote viwili, na mpiga kura anapaswa kuvitafuta vyote kwa mtu mmoja.

Wapo wanaosema karatasi ni ndefu mno, hivyo mwananchi asilaumiwe kwa kufuata chama. Ni hoja ya kweli, na jibu lake ni kuifanya kazi ya mpiga kura iwezekane: vituo vya kutosha, siku za kutosha za kupiga kura mapema, taarifa kwa lugha anazozielewa, na vyombo vya habari vinavyohudhuria vikao vya bajeti kwa bidii ileile vinavyofuatilia mbio za urais. Kuondoa alama ya chama bila kuyafanya hayo kunamwachia mpiga kura mzigo bila kumpa nguvu za kuubeba.

Maswali ya kumuuliza anayetaka kiti hiki yanajulikana. Miradi ya dola bilioni 2.5 imefika wapi, na mtaa gani bado unangoja? Gereza limejaa watu gani, na kwa nini? Kura mbili nyingine barazani utazipata kwa nani? Kimbunga kikiwa kimebakiza saa 48, utamwamuru nani ahame na nani abaki? Mgombea asiyeweza kujibu hayo hastahili kiti, hata kama rangi ya chama chake inapendwa na kila jirani. Na sisi tunaochagua magavana wa kaunti na madiwani huku nyumbani tuyageuze maswali hayo yawe ya maji yetu, zahanati zetu na barabara zetu, kisha tuyaulize kabla ya kuivaa suti.